Paa Kwanza, Rangi Baadaye

Upepo ukishang'oa mabati ya mtu hapa Rodi Kopany, kesho yake asubuhi utamwona mwenye nyumba kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi pale njia panda, barabara ya Rongo na Homa Bay inapokutana na ile ya Ndhiwa. Anauliza bei ya mabati ya geji 30, anauliza ya geji 28, anauliza misumari, anapiga hesabu kwenye simu. Hesabu yenyewe huwa safi: mabati mangapi, mbao ngapi, fundi siku ngapi. Asichouliza, na wala wale wanaomchangia hawamwulizi, ni kila mwezi atakaokaa nje ya nyumba hiyo utamla shilingi ngapi.

Mwezi huo una bei yake. Kuna kodi ya chumba na ile ya mwezi mmoja ya dhamana ambayo mwenye ploti huidai kabla hajatoa ufunguo. Kuna bodaboda ya kwenda kukama ng'ombe asubuhi na kurudi. Kuna mkaa wa jiko la pili, kwa sababu nusu ya familia imelala huku na nusu kule. Kuna kijana wa kulala bomani usiku ili milango na mabati yaliyobaki yasipate miguu. Kuna maji ya mtungi. Jumlisha hayo yote kwa miezi minne au mitano, na mara nyingi utakuta pesa za paa zilipatikana kitambo, ila zilinunua vitu visivyoezeka nyumba.

Kwa hiyo nitasema langu mapema. Nyumba iliyoharibika ikikaa tupu, akiba kubwa kuliko zote ni kufupisha muda wa kukaa tupu, hata kama kitakachorudi kwanza ni chumba kimoja tu. Mengine yote, ya kuzima hiki na kusitisha kile, ni makombo.

Ushauri wa mijini na wa ng'ambo kuhusu jambo hili unajulikana: sitisha intaneti, sitisha televisheni, waarifu watu wa bima, zima mitambo ya kupasha nyumba joto. Huku kwetu orodha hiyo inaisha kabla chai haijapoa. King'amuzi usipokilipia kinajifunga chenyewe. Bando likiisha limeisha. Stima tunanunua kwa tokeni, na tangu ile ada ya kila mwezi ya shilingi 150 ilipofutwa mwaka 2018, nyumba isiyowasha taa haidaiwi kitu na kampuni ya umeme. Mtu wa Rodi amekwisha kata bili zake kabla hajashauriwa. Kinachomtoboa mfuko kinaingilia mlango mwingine.

Mlango mmojawapo ni mita ileile anayodhani imelala. Usalama kwanza: paa likiruka na waya zikabaki zinaning'inia, piga 97771, namba ya kampuni ya umeme, waje wakate umeme kwenye nguzo, na mtoto asisogee hapo hata kuokota daftari. Hilo likishapita na ukarabati ukaanza, umeme hurudishwa kwa ajili ya mafundi, na hapo ndipo pesa huanza kuvuja kimyakimya.

Tangu Aprili 2023 watumiaji wa nyumbani wamegawanywa katika makundi matatu: wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na waliopita 100. Bei ya msingi iliyoanza wakati huo ilikuwa shilingi 12 na senti kwa yuniti katika kundi la kwanza, 16 na senti katika la pili, na karibu 21 katika la tatu, kabla ya kodi na tozo zake. Kundi lako hujulikana kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita. Sasa anakuja fundi wa madirisha na mashine ya kuchomelea ya kilowati 4, anaichomeka kwenye soketi yako. Ikinguruma saa tano, yuniti 20 zimekwenda. Siku tano za namna hiyo ni yuniti 100. Hata kama miezi miwili mingine hukutumia hata yuniti moja, wastani wako umepita 33. Utahamia tena nyumbani ukiwa kundi la bei ya juu, wewe ambaye hukuwasha hata balbu, na itabidi usubiri ule mwezi wa mashine utoke kwenye hesabu ndipo ushuke.

Dawa yake ni ndogo. Madirisha na milango ya chuma ichomelewe kwenye karakana ya fundi, iletwe ikiwa tayari kupachikwa, na bei mliyoafikiana iwe imemeza umeme wake. Fundi atalalamika kidogo, kwa kuwa umeme wako ulikuwa sehemu ya faida yake. Mwache alalamike.

Na mita isiachwe kabisa bila mtu wa kuipitia. Waliohama kwa mafuriko ya Machi hadi Mei 2024 na kukawia kurudi walilijua hilo kwa njia ngumu. Mita zote duniani zinazotumia mfumo wa tokeni kama wetu zilitakiwa kusasishwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na huku kwetu hilo lilifanyika kwa kuingiza mafungu matatu ya tarakimu ishirini-ishirini badala ya fungu moja tulilolizoea. Mita ambayo haikusasishwa ilianza kukataa tokeni, na nyumba isiyo na mtu haina wa kubonyeza tarakimu.

Mlango wa pili ni maji, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo hesabu nyingi za ukarabati zinapokosewa.

Kwa nyumba nyingi za huku, paa ndilo kampuni ya maji. Bomba likifika, vizuri. Lisipofika, au likifika likiwa kavu, familia inaangalia tangi lililo kwenye kona ya nyumba. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 60 za mraba, ikinyeshewa milimita 20 jioni moja, na hizo si mvua za ajabu katika Aprili ya Homa Bay, imepokea lita 1,200. Toa zilizomwagika na zile za kwanza zilizoosha vumbi na kinyesi cha ndege, bado una lita 1,000. Hizo ni mitungi 50 ya lita 20. Hata ukiinunua kwa shilingi 10 tu kila mtungi, jioni hiyo moja ilikuwa na thamani ya shilingi 500, na mwenye bodaboda ya maji hauzi kwa bei hiyo akijua huna pa kukimbilia.

Kwa hiyo paa linapoondoka, familia inapoteza kinga ya mvua na chanzo cha maji kwa siku moja. Halafu ujenzi wenyewe una kiu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka lita 25 hivi za kukorogea, na hiyo ni kabla ya kuosha vifaa na kabla ya kunywesha. Plasta isiponyweshwa maji kwa siku kadhaa baada ya kupigwa, inakauka haraka na kupasuka, na fundi atarudi mwaka ujao kuipiga tena kwa pesa mpya. Nimeona kuta zikipigwa plasta Januari, jua likiwa kali, kwa maji yaliyobebwa na punda kutoka mtoni, huku mabati mapya yameegemezwa kwenye mwembe yakisubiri rangi ya fashia ikauke. Mwenye nyumba analipa maji mara mbili, ya kunywa na ya ukuta, ilhali mashine ya kumtengenezea maji imeegemea mti.

Utaratibu ungekuwa huu: kenchi zifungwe barabara kwenye ukuta kwa mkanda wa chuma ili upepo usizibebe tena, mabati yapande, gata iwekwe siku ileile, tangi liwe tayari chini yake, kisha mvua zikianza ndipo plasta na sakafu zifanywe kwa maji ya bure. Gata hapa kwetu huwekwa mwisho kabisa, sambamba na rangi, kana kwamba ni pambo. Watu wanasema itasubiri pesa zikipatikana. Lakini katika vifaa vyote vya nyumba, gata ni kati ya vichache vinavyorudisha pesa yake msimu huohuo. Mvua za masika huanza Machi, za vuli Oktoba. Aliyeezeka Februari ameanza kuvuna mwezi unaofuata, aliyechelewa hadi Juni ananunua maji mpaka Oktoba.

Nakubali kuna nyumba ambazo paa haliwezi kutangulia. Upande wa Ndhiwa na bonde la Lambwe, udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na nyumba iliyosimama juu yake bila msingi wa maana hupasuka nao. Ukiezeka ukuta wenye ufa wa kupitisha kidole, umenunua mabati ya kumwangukia mtu. Huko msingi kwanza. Na kuna zile za Nyatike kandokando ya mto Kuja, na zile za ufukweni zilizoogelea Mei 2020 Ziwa Victoria lilipofika mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja na kuivunja rekodi ya mwaka 1964. Kwa hao swali la bili ni dogo. La kwao ni kama warudi palepale au la, na hilo halijibiwi kwa makala ya gazeti.

Mlango wa tatu ni madeni ya kila siku. Sola ya kulipia kidogokidogo haijui kwamba paa ililokuwa juu yake limelala shambani. Deni linabaki palepale, na usipoingiza pesa mtambo unajifunga. Wengi huiacha kwa hasira. Afadhali uichomoe, uisafishe, uihamishie chumba ulichopanga na uendelee kuilipa, kwa kuwa ndiyo itakayokuokoa kununua mafuta ya taa. Kuhusu Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, sina mengi: tangu ianze Januari 2019 imekuwa mwenzetu wa karibu mno, na ujenzi unaoendeshwa kwa Fuliza, fundi akilipwa leo na ada ikihesabiwa kesho na kesho kutwa, ni ujenzi wenye kibarua mmoja zaidi asiyeshika jembe.

Sasa twende kwenye suala la kulala, maana kodi ya chumba ndiyo bili kubwa kuliko zote nilizozitaja.

Mtu wa mbali akiliangalia boma la Kijaluo atashangaa kwa nini wazee walioezuliwa paa wanapanga chumba sokoni ilhali wana wana watatu wenye nyumba zao ndani ya dala (boma) hiyohiyo. Nyumba hizo zimejaa vitanda. Lakini baba halali katika simba, yaani nyumba ya mwanawe, na mama pia. Vilevile wazazi hawaendi kulala kwa mkwe wao, nyumbani kwa binti yao aliyeolewa, hata kama nyumba hiyo ina vyumba sita na maji ya moto. Vijana wa Nairobi hucheka wakisikia hayo. Akipigwa na maradhi asiyoyaelewa, kijana huyohuyo ndiye anayempigia simu nyanya yake usiku kuuliza kama hakukanyaga mwiko.

Sina haja ya kumfundisha mtu kuvunja mila yake. Ninachosema ni kwamba mila hiyo iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kama misumari. Kama wazee hawawezi kulala kwa wana wao, basi kitu cha kwanza kujengwa ni chumba chao, na wana wanaweza kusubiri. Maboma mengi yana jiko lililosimama peke yake, la mama mwenyewe, lenye kuta na paa lililo chini kiasi kwamba upepo hulipita. Wenye busara huhamia humo. Moto unahamishiwa nje chini ya turubai, masizi yanakwanguliwa, kitanda kinaingia, chandarua kinafungwa, na kodi ya sokoni imeokolewa. Si raha. Ila ng'ombe wako pale, kuku wako pale, hakuna wa kulipwa alinde boma, na fundi akijua mwenye nyumba analala hatua kumi kutoka kwenye kazi, siku zake za kuugua zinapungua sana.

Lakini kuna nyumba moja ambayo hukaa tupu muda mrefu kuliko zote vijijini mwetu, nayo ni ya mjane. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Paa la mjane likianguka, watu wa boma humwambia hawezi kulirudisha au kujenga upya mpaka apatikane jater, mwanamume wa kumrithi. Mabati anaweza kuwa nayo. Pesa za fundi anaweza kuwa amezipata kwa chama chake. Bado ataambiwa asubiri, na wakati huo anapanga chumba, analipa mwezi baada ya mwezi, huku kuta zake zikinyeshewa hadi zilainike. Shirika la Human Rights Watch liliandika kuhusu dhuluma za namna hiyo dhidi ya wajane wa Kenya mwaka 2003, Katiba ya 2010 ikasema mila inayopingana nayo ni batili, na Sheria ya Kukinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 ikataja kurithiwa kwa lazima kuwa dhuluma. Sheria ipo. Anayekosekana ni mzee wa ukoo atakayesimama kwenye boma hilo aseme fundi apande juu leo, na chifu atakayekuwa amesimama nyuma yake. Kodi anayoilipa mjane huyo haipunguzwi kwa kuzima taa. Aliyemtoza ni shemeji yake.

Kuna vitu vya kutokata, nitavitaja viwili. Cha kwanza ni bima ya afya. SHA ilipoanza Oktoba 2024 kima cha chini kiliwekwa shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, ingawa baadaye ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Mtu aliyeangukiwa na nyumba huona hizo ni pesa za mabati mawili matatu, akazihamisha. Halafu familia imebanana chumba kimoja, mvua zimeanza, mbu wameamka. Hatukai mahali pa kucheza na malaria: chanjo yake ilipozinduliwa nchini Septemba 2019, shughuli yenyewe ilifanyika hapo Ndhiwa. Homa moja ya kulazwa hospitali inakula paa zima. Cha pili ni chandarua. Kwenye vurugu ya kuokoa makochi, vyandarua huachwa vikining'inia kwenye chumba kisicho na paa.

Na kuna kile usichoweza kukikata hata ukitaka. Mwalimu wa shule ya msingi ambaye nyumba yake imebaki kuta nne bado anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kila mwezi kugharimia nyumba za bei nafuu, chini ya sheria ya Machi 2024. Anajenga za wengine akiwa amelala jikoni. Hata mchekeshaji asingelitunga hilo.

Wenye bima ya nyumba huku ni wachache, kwa hiyo nitapita haraka: kama unayo, iarifu kampuni kwa maandishi kwamba nyumba iko tupu. Mikataba mingi ya bima ina kifungu kinachosimamisha kinga ya wizi nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au zaidi, na watu hukigundua kifungu hicho siku ya kudai.

Wanaopokea pesa zetu nao wana la kufanya. Kampuni za maji hutoza ada ya mita hata bomba lisipofunguliwa. Barua ya chifu kwamba nyumba haikaliki ingetosha kuisimamisha. Kampuni ya umeme ina kompyuta za kujua nani amenunua tokeni saa ngapi. Haishindwi kuuondoa mwezi wa ukarabati kwenye wastani wa miezi mitatu. Na Serikali inaelewa vizuri kwamba kodi ndiyo inayouma: Mei 2024 Rais William Ruto aliwatangazia waliohamishwa kingo za mto Mathare, Nairobi, shilingi 10,000 kila familia watafute pa kukaa. Kwetu misaada ya maafa bado ina sura ya blanketi na unga wa ugali.

Blanketi ni zuri. Ila piga hesabu ya chumba cha mita tatu kwa tatu kilichoezekwa kwa mteremko mmoja: mabati kama kumi, mbao chache, mita nne za gata na pipa la kukingia maji. Misumari iwe michache, kwa sababu mabati hayohayo yatang'olewa na kupandishwa kwenye paa kubwa siku likiwa tayari, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Ni kazi ya fundi mmoja na msaidizi, siku mbili. Kamati ya maafa ya kaunti ikikifikisha kifurushi hicho ndani ya wiki ya kwanza, familia haitafuti chumba sokoni, na ile dhamana ya mwezi mmoja inabaki mfukoni kununua saruji.